Kurefusha mipira ya kupumulia ya difu na giaboksi kabla ya kuvuka maji

Gari limekimbia saa mbili barabarani. Difu ya nyuma, kile kibuyu cha gia kwenye ekseli kinachopeleka nguvu kwenye magurudumu, ina joto ambalo kiganja hakivumilii. Mbele kuna mto. Unapunguza mwendo, unaingia taratibu, maji yanapanda kupita usawa wa katikati ya magurudumu, unatokea ng'ambo na injini haijakohoa hata mara moja. Miezi miwili baadaye difu inaanza kulia, na fundi akifungua nati ya chini, kinachotangulia kutoka ni maji, kisha oili iliyogeuka rangi ya maziwa.

Wenye magari haya husema jambo moja: "Lakini sikuingia kwenye kina kirefu." Na wanasema kweli. Kosa halikuwa kwenye kina. Gari liliingia mtoni likiwa na moto, na kipumulio chake kilikuwa chini ya maji.

Difu inavyovuta maji

Ndani ya difu kuna oili, na juu ya oili kuna hewa. Gari likitembea, gia zinasuguana, oili inapata moto, hewa inatanuka. Isingekuwa na pa kutokea ingesukuma sili, zile raba zinazozuia oili isitoke, hadi zivuje, ndiyo maana juu ya ekseli huwekwa kitundu chenye kifuniko kidogo: kipumulio. Mambo yanakwenda sawa mpaka difu hiyo ya moto izamishwe kwenye maji baridi. Chuma kinapoa upesi, hewa ya ndani inasinyaa, na difu inavuta pumzi. Inavuta chochote kilicho mdomoni mwake, na wakati huo mdomoni mwake kuna maji.

Tupige hesabu kidogo, kwa sababu ndiyo inayoonyesha ukubwa wa jambo. Hewa iliyofungiwa ikipoa kutoka nyuzi 90 hadi nyuzi 25 za Selsiasi, presha yake inashuka kwa karibu asilimia 18, yaani takriban kilopaskali 18. Maji yaliyopanda nusu mita juu ya kipumulio yanasukuma kwa kilopaskali 5 hivi. Kwa hiyo mvuto wa ndani unaweza kuzidi msukumo wa nje zaidi ya mara tatu. Maji hayalazimishi kuingia, yanaitwa.

Wala huhitaji mto mkubwa. Tairi la 265/70R17 lina kipenyo cha karibu milimita 800, kwa hiyo katikati ya gurudumu ni chini kidogo ya milimita 400 kutoka ardhini, na ekseli ya kipande kimoja imekaa hapo hapo. Maji yanayofika magotini kwa mtu mzima yamekwisha kuizamisha.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Baadhi ya vipumulio vya kiwandani vina valvu ndogo: vinatoa hewa nje lakini haviiruhusu irudi. Lengo lilikuwa kuzuia maji na vumbi, na ni lengo jema. Lakini difu yenye kipumulio cha namna hiyo ikipoa haina njia ya kuvuta hewa, hivyo inavuta kupitia sili za ekseli na sili ya propela, ule mhimili unaoleta nguvu kwenye difu. Mdomo wa sili umeelekezwa ndani ili kuzuia oili isitoke. Haukuundwa kupambana na mvuto unaotoka ndani. Valvu hiyo ikiziba tope, hata kutoa hewa haiwezi tena, na sili zinaanza kuvuja barabarani kwenye jua kali bila tone la maji karibu. Kwa sababu hiyo hata asiyevuka mito mara kwa mara anafaidika na kazi hii.

Dawa yenyewe ni rahisi: ondoa kifuniko kile, weka fitingi ya kawaida, vuta mpira hadi mahali ambapo maji hayafiki. Difu itaendelea kuvuta pumzi kama kawaida, ila sasa itavuta hewa.

Hesabu vipumulio kabla ya kununua chochote

Ingia chini ya gari na taa. Gari linalosukuma kwa magurudumu yote manne huwa na vipumulio vinne: difu ya nyuma, difu ya mbele, giaboksi, na transfa inayogawa nguvu mbele na nyuma. Difu ya nyuma ndiyo rahisi. Tafuta kifuniko kinachofanana na kofia ndogo juu ya mrija wa ekseli, pembeni kidogo ya kibuyu cha difu. Ya mbele mara nyingi imeunganishwa mpira kutoka kiwandani. Usiridhike kwa kuuona mpira tu: ufuate kwa mkono hadi unapoishia. Kuna inayopanda hadi chini ya boneti, na kuna inayoishia sentimita chache tu juu ya chasisi.

Giaboksi na transfa ndizo zinazosumbua, kwa sababu vipumulio vyao viko juu kabisa, vimefichwa na sakafu ya gari. Jaribu kwanza kutoka ndani: kwenye magari mengi ya gia za mkono, ukifungua raba inayozunguka fimbo ya gia utaona sehemu ya juu ya giaboksi. Ikishindikana, tumia kioo kidogo chenye mshikio au kamera ya simu kutoka chini.

Giaboksi ya otomatiki usiiache hata kama ni ngumu kufikia. Oili ya difu ikichanganyika na maji, ukiwahi kuimwaga unaweza kuokoa gia. Ndani ya otomatiki kuna sahani za msuguano zilizobandikwa kwa gundi, na maji huzilegeza zikaanza kubanduka. Kama ina kijiti cha kupimia oili, hakikisha mpira wa kizibo chake bado unabana.

Ikiwa difu ina loki (ya kufanya magurudumu yake mawili yazunguke pamoja) inayoendeshwa kwa mota ya umeme, angalia kama mota hiyo nayo ina kimrija chake cha kupumulia. Mara nyingi husahauliwa.

Mahali pa kuishia mipira

Amua hili kabla ya kukata mpira, maana ndilo linaloamua urefu. Kipimo changu ni kimoja: mwisho wa mpira usiwe chini ya mdomo unaovuta hewa ya injini. Ukiwa chini zaidi, difu itakunywa maji kabla injini haijawa hatarini. Ukiwa juu zaidi hupati faida ya ziada, kwa sababu maji yakifika hapo injini yenyewe imekwisha kunywa.

Kumbuka pia kwamba kina kinachotajwa na kiwanda hupimwa kwenye maji yaliyotulia. Land Rover Defender ya 2020 imeandikiwa milimita 900, Ford Ranger milimita 800. Gari likitembea linasukuma wimbi mbele yake, na wimbi hilo hupanda boneti hata pale ambapo mto wenyewe haufiki huko. Kama shimo likikupata katikati, pua inashuka na maji yanapanda zaidi.

Kwa gari lisilo na snokeli, yaani bomba linalopandisha mdomo wa hewa ya injini hadi juu, mahali pazuri ni juu kabisa ya ukuta unaotenganisha injini na chumba cha dereva, karibu na bawaba za boneti. Pana nafasi, panaonekana ukifungua boneti, na hapapigwi na upepo wenye vumbi moja kwa moja. Lenye snokeli, wengine hupandisha mipira sambamba nayo hadi juu. Inafaa, mradi mdomo wa mpira uelekee chini ili mvua isiingie.

Kuna wanaochomeka mipira kwenye boksi la filta ya hewa. Mimi sikubaliani na jambo hilo. Upande wa injini wa filta kuna mvuto, na mvuto huo hunyonya mvuke wa oili kutoka kwenye difu. Wengine huishia na mpira wa nyuma ndani ya tundu la taa ya nyuma au karibu na mdomo wa kujazia mafuta. Ni njia fupi, na kwa madimbwi inatosha. Kwa mto haitoshi: gari likipanda ukingo wa ng'ambo, nyuma ndiyo inayozama zaidi.

Vifaa

Mpira wa mafuta wenye tundu la milimita 8 ndio ninaoupenda. Wa milimita 6 unafanya kazi, lakini oili ikirushwa ndani yake hushika ukuta kwa ukuta na kupanda kama kwenye mrija. Ule mpana huiacha oili ianguke irudi huku hewa ikipita. Bomba gumu la nailoni, kama lile la breki za upepo za malori, pia ni zuri kwa sehemu ndefu inayolala kwenye chasisi, kwa sababu halijipindi likaziba. Mpira wa plastiki unaopenya mwanga usiuguse. Unapendeza siku ya kwanza, kisha joto linaulainisha karibu na ekzosi, halafu unakauka na kupasuka.

Mengine: fitingi nne za shaba zenye mdomo wa kushikia mpira, klempu, filta ndogo za petroli au vichujio vya shaba vya kufunika mwisho wa mipira, tai za plastiki za kubania nyaya, raba za kupitishia kwenye matundu ya bati, tepu nyeupe wanayotumia mafundi bomba, brashi ya waya na dawa ya kulegeza kutu. Kwa urefu wa mpira, gari la ukubwa wa kawaida humaliza mita 8 hadi 10 kwa vipumulio vyote vinne vikiletwa mbele. Pima gari lako, kisha ongeza mita moja.

Kazi yenyewe

1. Acha gari lipoe kabisa, liwe mahali tambarare, hendibreki imevutwa na magurudumu yamewekewa vigingi. Nyunyiza dawa ya kutu kwenye vipumulio usiku wa kuamkia kazi. Kisha sugua kila kipumulio kwa brashi na upulize uchafu wote. Chembe ya mchanga ikianguka kwenye tundu lile haina pengine pa kwenda ila kwenye oili, na kutoka hapo kati ya meno ya gia.

2. Kagua oili sasa, kabla hujagusa kingine. Fungua nati ya kujazia. Oili iwe usawa wa ukingo wa chini wa tundu. Ikiwa imezidi, itapanda kwenye mpira mpya na utadhani umekosea kufunga. Ikiwa rangi imepauka kama maziwa, maji yamekwisha kuingia. Badilisha oili hiyo na utafute sili iliyochoka, kwa sababu mpira mrefu hauzibi sili mbovu.

3. Fungua kipumulio cha zamani kwa soketi inayokaa sawasawa, si kwa plaizi. Vingine havina hesi (meno ya kukazia) kabisa, vimegongewa tu. Hivyo vishike kwa plaizi ya kubana, vizungushe kushoto na kulia huku ukivuta juu. Kikitoka, ziba tundu mara moja kwa kitambaa safi. Kama tundu halina hesi na inabidi uchonge, paka grisi nene kwenye tapu, kifaa cha kuchongea hesi, ili ishike vumbi la chuma, chonga robo mzunguko kisha rudisha, futa, paka tena. Na ukimaliza, mwaga oili yote ya difu hiyo na uweke mpya. Hata kama ulikuwa mwangalifu, mwaga.

4. Funga fitingi mpya. Hapa ndipo watu huharibu vitu vya gharama. Baadhi ya ekseli zina hesi za bomba za inchi 1/8, nyingine zina hesi za milimita 10, na kwa macho zinafanana sana. Fitingi isiyo yake huingia mizunguko miwili kisha inakaza, na anayeongeza nguvu kwa spana anafuta hesi za ekseli. Chukua kipumulio cha zamani uende nacho unaponunua fitingi, ukazilinganishe meno kwa meno. Ikifika kwenye gari, iingie kwa vidole angalau mizunguko mitatu kabla ya spana. Zungusha tepu ukiacha meno mawili ya mwanzo wazi, kipande chake kisije kikadondoka ndani. Shaba ni laini. Kaza hadi itulie, basi.

5. Pima urefu wa mpira huku ekseli ikiwa imening'inia. Hili ni la lazima kwa ekseli ya kipande kimoja. Inua gari kwa jeki, weka stendi chini ya chasisi, acha ekseli ishuke hadi mwisho wa shokapu. Gari likiwa limesimama chini, mpira utaonekana unatosha. Likivuka shimo gurudumu moja litaning'inia, na mpira mfupi utachomoka kwenye fitingi bila wewe kujua. Acha ulegevu wa shubiri moja zaidi ya hapo. Kwa mbele, zungusha usukani kulia hadi mwisho, kisha kushoto, huku mwenzako akitazama. Halafu shusha gari na utazame upande wa pili wa jambo: ekseli ikipanda, mpira usibanwe kati yake na raba ya kugongea, wala usiingie kwenye springi. Difu ya mbele ya gari lenye magurudumu yanayojitegemea imefungwa kwenye chasisi, haipandi wala kushuka na gurudumu, kwa hiyo hapo kazi ni nyepesi.

6. Pitisha mpira ukipanda daima. Usiupeleke juu, ukaushusha, ukaupandisha tena. Mvuke wa ndani hugeuka matone, na matone pamoja na oili kidogo hukusanyika kwenye bonde lolote la mpira yakaziba kama kizibo. Kwa mpira wa nyuma unaolala sambamba na chasisi, mwinuko mdogo unatosha, mradi pasiwe na tumbo linaloning'inia. Kutoka kwenye fitingi, jitahidi sentimita 20 hadi 30 za kwanza zisimame wima, ili oili inayorushwa na gia irudi ndani yenyewe. Fuata njia ambayo kiwanda kimepitishia mabomba ya mafuta, lakini ukae mbali na ekzosi kwa upana wa kiganja au zaidi, na mbali na propela. Usifunge kamwe kwenye mpira wa breki. Tai za plastiki ziushike mpira bila kuuminya. Ukiona umeingia kiuno, kata tai hiyo ufunge upya.

7. Malizia juu. Unaweza kuleta mipira yote minne kwenye bloku moja yenye filta moja, au kuacha kila mmoja na filta yake. Bloku ni nadhifu, lakini filta ile moja ikiziba, viungo vyote vinne vinakosa pumzi kwa wakati mmoja, na oili ya difu moja inaweza kupata njia ya kuelekea nyingine. Mimi huacha kila mpira peke yake, na ile ya otomatiki siichanganyi na ya difu kwa hali yoyote. Andika alama kwenye kila mwisho: N kwa nyuma, M kwa mbele, G kwa giaboksi, T kwa transfa. Siku mmoja ukitoa oili utajua ni upande gani wa kutazama.

Kupima kabla ya kuingia majini

Kabla ya kuweka filta, puliza kwa mdomo kwenye mpira mmoja mmoja. Mwanzoni hewa iingie bila kikwazo, kisha usikie mgomo kifuani, kwa sababu difu ni chombo kilichofungwa. Ziba kwa ulimi, hesabu hadi kumi, achia. Hewa ikirudi kwa mshindo mdogo, sili na fitingi zinashika. Kama haikurudi, paka maji ya sabuni kwenye fitingi, kwenye sili ya propela na nyuma ya magurudumu, puliza tena, mapovu yatakuonyesha. Kama hewa haiingii tangu mwanzo, mpira umejipinda au tundu limeziba. Kompresa ya kujazia tairi usiilete hapa. Ina nguvu ya kung'oa sili nzima.

Endesha gari saa moja hadi difu ipate moto, kisha tazama mipira yote kutoka chini. Gusa sehemu zilizo karibu na ekzosi. Tazama fitingi kama kuna unyevu wa oili.

Mtoni na baada ya mto

Ukifika ukingoni gari likiwa na moto, simama dakika 15. Huo pia ndio muda wa kuupima mto kwa miguu, kama ni mto wa kuingiwa na mtu. Sasa difu inavuta hewa, lakini sili bado ni mpira unaosuguana na chuma, na kadiri joto linavyoshuka nchi kavu ndivyo sili zinavyopata shida kidogo ndani ya maji.

Mipira hii hailindi kila kitu. Land Rover za zamani zina tundu chini ya kibuyu cha klachi, lenye nati maalumu ya kufungwa kabla ya kuvuka na kufunguliwa baadaye, kwa sababu oili ikivuja ndani inahitaji pa kutokea. Ukiwa na gari la namna hiyo, nati hiyo ni sehemu ya kazi.

Siku inayofuata baada ya kuvuka maji marefu, gari likiwa limelala usiku kucha mahali tambarare, legeza nati ya kumwagia oili ya difu taratibu, bila kuitoa, hadi litoke tone. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo yakiwemo yametulia chini na yatatangulia. Likitoka tone la oili safi, kaza na uendelee. Likitoka maji, mwaga yote siku hiyo hiyo. Beringi haisubiri wikiendi, kutu huanza kuila ikiwa imesimama.

Kila unapobadilisha oili ya injini, chomoa filta za juu, puliza tena mpira mmoja mmoja, na badilisha filta iliyojaa tope au iliyolowa oili. Mpira wa ekseli ya kipande kimoja ukague karibu na fitingi, pale unapokunjwa kila gurudumu linapopanda na kushuka. Nyufa huanzia hapo.